Mashine Iliyokula Padogo

Katika chama chetu hakuna anayefungua mashine bila kupiga hodi. Wageni huona ni upuuzi, nasi huwaacha waone hivyo mpaka siku watakayorushwa na umeme wa televisheni ya kioo kinene, ule unaobaki ndani hata waya ukiwa umechomolewa ukutani. Ukipiga hodi unatulia kidogo, unatazama mikono yako iko wapi, unakumbuka kama umechomoa. Mwenye mashine akikujibu karibu, ndipo unashika bisibisi.

Mzee Lukwele alituletea kompyuta yake ya Kurunzi ikiwa imefungwa kwenye shuka, ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Niliiweka mezani, nikagonga mfuniko mara mbili, nikapiga hodi.

"Karibu," akajibu yeye. "Mwenyewe yumo ndani, ila usimwamini. Ni Mnyamwezi."

Bwana Tweve, mwenyekiti wetu, alicheka mpaka akavua miwani aifute. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshaona kutu kwenye skrubu na hasira zilikuwa zimenipanda. Mtu anayeacha skrubu za Kurunzi zipate kutu mimi namhesabu pamoja na watesaji wa punda.

Kurunzi ni kompyuta ya nyumbani ya zama zile nyaya za baharini zilipokatika na nchi nzima ikabaki bila mtandao. Watu walinunua bodi tupu na vipande vyake kwenye mfuko wa nailoni, wakavichomelea wenyewe kwa risasi iliyoyeyushwa, wakaunganisha na televisheni ya sebuleni. Leo ukuta wowote ukiuuliza swali unakujibu, na kibodi ni kitu cha kuonyesha watoto wa shule. Sisi wachache wa Chama cha Vyuma Vikuukuu hapa Morogoro ndio tuliobaki na mashine zinazokaa kimya zikingoja uandike. Nazipenda, na sitamwomba mtu radhi. Napenda harufu ya risasi ikiyeyuka, napenda plastiki iliyogeuka rangi ya siagi, na napenda kwamba mashine ya namna hii ikiharibika kosa lake unaweza kuligusa kwa kidole.

Nilipoinua mfuniko nikaona kazi ya mikono ya watu wawili. Upande wa kushoto wa bodi viungo vya risasi vilikuwa vidogo, vinang'aa, vimekaa kwa adabu. Upande wa kulia yalikuwa matonge matupu.

"Matonge haya ni yako, babu?"

"Ni yangu. Mihambo alisema nachomelea kama mtu anayesonga ugali wa msiba."

Ndipo akatueleza, huku mimi nikichomoa kapasita mbili zilizovimba. Mihambo alikuwa jirani yake pale Kichangani na mwenzake wa karakana ya reli. Mzee ni Mluguru, mwenzake Mnyamwezi wa Urambo, yaani watani wa kuzaliwa. Hawakuweza kusalimiana bila kutukanana kwanza. Waliijenga Kurunzi hiyo pamoja. Mihambo akaiandikia programu ya bao, na jioni zote wakawa wanacheza kwenye skrini, kila mmoja na upande wake, mashine ikiwatazama. Mihambo alipofariki, Mzee Lukwele aliiwasha peke yake, akacheza hatua ya kwanza kwa mazoea tu. Upande wa pili ukajibu.

"Anacheza vilevile," alisema. "Anaanzia kulia, ana pupa ya kula mapema, halafu mwishoni namfunga. Nilimfunga akiwa hai, namfunga akiwa marehemu. Mnyamwezi hana bahati."

Nilipoweka kapasita mpya na kurudia kiungo kimoja kilichopasuka upande wa matonge, picha ikarudi: mashimo ya bao yamechorwa kwa mistari ya kijani, na ndani yake namba za kete. Mzee akavuta kiti. Alicheza mbele yetu sote akashinda, kisha akaigeukia skrini akaizomea kwa sauti ya chini, kwa upendo mwingi, maneno ambayo sitayaandika hapa.

*

Kazi yangu ingeishia hapo kama nisingekuwa pia mpimaji.

Chini ya Sheria ya Mashine Kweli, kila mashine inayojifunza lazima ipimwe kila mwaka na kupewa muhuri. Idara inayoisimamia haina watu wanaozijua mashine za zamani, kwa hiyo imenipa mimi kipimo na kiapo. Kipimo ni kisanduku cha ukubwa wa sabuni ya mche. Unakichomeka kwenye bodi, mashine inafanya kazi yake, nacho kinalinganisha kile inachokijua na kile inachokifanya. Mashine ikijua jambo na kumwonyesha mtu jingine, taa inakuwa nyekundu, na habari inakwenda Idarani hapohapo. Idara hutoa muda mfupi. Ukipita, wanakuja kusawazisha, yaani kufuta yote mashine iliyojifunza.

Wapo wanaoichekea sheria hiyo. Mimi siwezi. Mama yangu alipougua, mashine ya zahanati ilikuwa ikimwambia kila wiki kwamba anaendelea vizuri. Haikuwa na ubaya naye. Ilikuwa imefundishwa kutowatia wagonjwa hofu. Alikufa akiwa amenunua kitambaa cha kushona gauni la harusi yangu. Angejua, angeniita nyumbani mapema. Kwa hiyo nilipokula kiapo cha upimaji sikutafuna maneno.

Nilichomeka kipimo kwenye Kurunzi ya Mzee Lukwele, nikakiacha kicheze nayo bao, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi taa ilikuwa nyekundu.

Sikushtuka. Nilijua ni waya. Sisi watu wa pasi ya kuchomelea na risasi ndivyo tulivyo, tukiona jambo la moyoni tunatafuta kiungo kilicholegea. Nikabadilisha kioo cha mapigo kinachoipa mashine mwendo wake, taa nyekundu. Nikasafisha soketi zote kwa spiriti, nikabadilisha chipu ya kumbukumbu kwa nyingine niliyoipora kwenye Kurunzi iliyokufa, nikayeyusha matonge yote ya mzee na kuyachomelea upya mpaka upande wake ukapendeza kuliko wa Mihambo. Bado nyekundu. Bwana Tweve alipita akanikuta nimeitandaza meza nzima, nywele zimejaa vumbi.

"Wewe Siku, hivi umeisoma hiyo karatasi?" akaniuliza.

Kipimo kilikuwa kimetoa maelezo yake tangu mwanzo na mimi nilikuwa nimeyatumia kuwekea kikombe. Tukaketi, tukayasoma pamoja.

Anayejua bao anajua kwamba kula ni lazima. Ukiwa na mtaji, yaani nafasi ya kula kete za mwenzako, huna hiari ya kuacha. Lakini sheria hailazimishi ule pakubwa. Ukiwa na sehemu mbili za kula, unachagua. Kurunzi ilikuwa inacheza vizuri sana, vizuri kuliko mzee, vizuri kuliko sisi wote. Halafu kila mchezo ulipokaribia mwisho, ilikuwa inaliona shimo la ushindi, inalitambua, inaliacha, na kula padogo. Tena haikuacha ovyo. Iliacha pale tu ambapo mtu mwingine angedhani ni macho mabovu.

"Nani kaifundisha hivi?" Tweve akauliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

Kurunzi haijitungii mambo. Ndani yake mna bamba la seli zinazolainika kwa matumizi. Njia inayopitwa sana inabaki wazi, isiyopitwa inaota majani. Njia ya kula padogo ilikuwa pana na safi, imepitwa maelfu ya jioni. Mihambo alikuwa akimwachia mtani wake ashinde. Mashine ilimwona, ikajifunza, na sasa ilikuwa inaendeleza.

"Futa," Tweve alisema. Si mtu mkatili. Ana mashine za watu ukutani na kibali kimoja cha chama, ambacho Idara inaweza kukifuta. "Irudishe kama ilivyotoka kwenye mfuko wa nailoni. Mwambie mzee kapasita ziliondoka na kumbukumbu. Usimwamshe aliyelala, Siku, ukimwamsha utalala wewe."

"Halafu acheze na nani?"

"Acheze na mashine. Si ndiyo kazi yake?"

Bamba lile halinakiliki. Ukilisoma lote unalilainisha lote, na njia zote zinakuwa sawa. Kulisawazisha ni kumzika Mihambo mara ya pili, safari hii bila mtu kujua kuna msiba. Nami nilijua pia njia ya tatu, ambayo Tweve hakuitaja kwa sababu ananiheshimu: kipande cha waya kati ya miguu miwili ya kipimo, na taa ingekuwa ya kijani kila mwaka mpaka mzee afe. Nilikishika kipande hicho. Nilikikunja kwa koleo, kikafaa kabisa. Kisha nikalikumbuka gauni lile ambalo mama hakuwahi kulishona, nikakitupa kipande.

Sheria ina mlango mmoja tu. Mashine inaweza kumficha mtu jambo, iwapo mtu huyo ameambiwa, naye akatamka kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya kipimo: najua, na nimeridhia. Yaani ili Mihambo abaki, ilibidi nimwambie Mzee Lukwele kwamba ushindi wake wote ulikuwa sadaka. Na nikitaka kumwachia ushindi wake, ilibidi nimuue Mihambo. Idara ilikuwa imetupa mpaka Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na nilikuwa nimepoteza muda wote nikiyapamba matonge.

*

Nilimkuta barazani kwake Kichangani anamenya machungwa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaipokea Kurunzi kwa mikono miwili na kuirudisha mahali pake sebuleni mbele ya televisheni kabla hajaniuliza habari za nyumbani. Aliponikaribisha chungwa nikasema sitaki. Hapo akajua kuna neno.

Nikamwambia. Sikuzunguka, maana najijua, nikizunguka napotea. Nilimwonyesha karatasi ya kipimo, mchezo kwa mchezo: hapa aliliona shimo hili, hapa akaliacha. Alitazama kwa muda mrefu, kisu kikiwa kimekwama kwenye ganda.

"Alikuwa ananiambia," akasema mwisho.

"Nani, babu?"

"Mihambo. Kila siku. Mbele za watu. 'Huyu Mluguru namwachia, nikimfunga atahama, nami ndizi nitapewa na nani?' Harusini alisema. Kwenye kikao cha mtaa alisema, mwenyekiti akacheka mpaka akashindwa kuendelea. Sasa niambie wewe, mtani akikwambia hivyo, utamwamini?"

Nikasema nisingemwamini.

"Mwanzoni alikuwa ananifunga," aliendelea, polepole, kama mtu anayerudi nyuma gizani akipapasa ukuta. "Ananifunga vibaya. Halafu karakana ikapunguza watu. Mimi nikapunguzwa, yeye akabaki. Nikawa nakaa hapa hapa, sina cha kufanya tangu asubuhi, nangoja arudi kazini tucheze. Na mwaka huohuo nikaanza kumfunga. Nilidhani ni kwa sababu nilikuwa na muda wa kufikiri."

Akaweka kisu chini.

"Unajua nilifanya nini kwenye mazishi yake? Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha. Nilivaa koti lake, nikatembea mwendo wake ule wa bata. Nikakaa juu ya udongo wa kaburi, nikasema jeneza halishuki mpaka watoto wake wakiri kwa sauti kwamba baba yao hajawahi kuniweza. Wakakiri, maskini. Watu walicheka huku wanalia. Na yeye yumo ndani ya sanduku, anajua."

Niliumia, na nilijiona mchawi niliyeingia kwa watu mchana. Lakini kazi ilikuwa haijaisha, kwa hiyo nikatoa kipimo, nikakiweka mezani, nikamweleza maneno mawili anayotakiwa kuyatamka.

"Najua, hilo nalisema," alijibu. "Kuridhia siridhii."

"Babu..."

"Mimi si mtoto wa kuachiwa. Kama nilikuwa wa kufungwa, angenifunga, ningenuna, ningerudi kesho. Wanaume hununa wakarudi."

"Usiporidhia, kesho wanakuja kuisawazisha. Hatabaki."

"Waisawazishe."

Alisema hivyo, lakini hakuinuka. Nami sikukusanya vitu vyangu. Kuku wa jirani walipita barazani wakala maganda, wakaondoka. Mzee alikuwa anaitazama dirishani skrini iliyozimwa kule ndani kwa namna ambayo nimewaona watu wakiutazama mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Iwashe kwanza," akasema. "Nataka nimwone anavyofanya. Nimeishi naye miaka yote hiyo na sijawahi kumwona akifanya."

Tukaingia sebuleni na kipimo changu, nikaiwasha. Mashimo ya kijani yakatokea, kete zikajipanga. Mzee alicheza kwa bidii, kama siku zote, midomo imekaza. Nilikaa pembeni yake na karatasi yangu. Mchezo ulipokomaa, alama ndogo inayowakawaka upande wa pili ikasita.

"Hapo," nikamnong'oneza. "Anaiona nyumba yako, lile shimo lako kuu, ina kete tisa. Akiingia kulia anaila yote."

Alama ikasita kidogo zaidi. Kisha ikaenda kushoto, ikala kete mbili.

Mzee Lukwele akatoa pumzi. "Alikuwa anakohoa," akasema. "Akifika hapo alikuwa anakohoa, anafikicha macho, anasema taa ya sebule yangu ni mbovu. Nilibadilisha taa mara ngapi kwa ajili yake."

Zamu ikawa yake. Mimi si bingwa wa bao, lakini hata mimi niliona: hatua moja na mchezo ungekwisha, ushindi mwingine ungeongezeka juu ya ule wa zamani. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Kikakaa hapo. Kisha kikahama kwenye kitufe cha jirani, naye akala kete moja iliyokuwa kando, isiyo na faida yoyote.

Upande wa pili ukanyamaza.

Nimezifahamu Kurunzi maisha yangu yote na sijawahi kuona moja ikifikiri muda mrefu namna ile. Mihambo hakuwahi kukutana na Lukwele anayeachia. Kwenye bamba lile hapakuwa na unyayo hata mmoja wa kufuata katika hali hiyo. Mwishowe ikala padogo. Mzee naye akala padogo. Ikala padogo tena. Wakawa kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia, na mchezo ambao ungekwisha kabla ya alasiri ukaendelea mpaka jua likafika kwenye miguu yetu.

"Kula, mpumbavu wewe," mzee alikuwa anaiambia skrini, sasa machozi yanamtoka bila kuyaficha. "Kula. Nimekuwekea."

Zamu kwa zamu alihamisha kete zilizokuwa kando ya nyumba yake mpaka ikabaki wazi kabisa, haina wa kuilinda, wala hapakuwa na sehemu nyingine ya kula. Kula ni lazima. Alama ikasita, ikawaka, ikazima, ikawaka. Kisha ikaingia kulia, ikala nyumba, ikazunguka, ikala tena, ikasafisha safu nzima ya mbele. Neno moja likaandikwa katikati ya skrini: UMEFUNGWA.

"Neno hilo sijaliona tangu nikiwa na nywele," akasema Mzee Lukwele. Akacheka, na kicheko kilikuwa cha kweli, cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Alijifuta uso kwa kiganja, akakivuta kipimo karibu na mdomo wake.

"Mimi Lukwele wa Kichangani, najua, na nimeridhia."

Taa nyekundu ya kipimo ikazimika, muhuri ukatoka. Nilitaka kukichukua, akanizuia kwa mkono.

"Bado. Na yeye je?"

"Yeye nani, babu?"

"Huyu. Na mimi nimemwachia leo, na kesho nitamwachia tena nikipenda. Sheria yako si inasema anayeachiwa lazima ajulishwe?"

Nikamweleza kwamba sheria ni ya kumlinda mtu, haijafikiria upande huo, na kipimo hakina kitufe cha kuiambia mashine kitu kama hicho. Akaniangalia kwa huruma, kisha akaisogeza kibodi mwenyewe. Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi: NAKUACHIA.

Programu ya Mihambo inajua bao tu. Alama iliwakawaka mara chache, jibu likaja chini ya skrini: SIELEWI. CHEZA.

Nikamwambia, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwamba haielewi.

"Najua," akasema, akaanza kupanga kete upya. "Mimi aliniambia kila siku, mbele za watu, na sikuelewa."